Mikutano ya chama cha maadili ya tiba: tufanye mdahalo, au tukae na kisa kimoja?

Katibu Mchanga aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mimi ni katibu wa chama cha wanafunzi kinachojadili maadili ya tiba na afya. Wengi wetu tunasomea udaktari, uuguzi na famasia, ila wamo pia wanasheria na wanafalsafa watarajiwa, na mikutano yetu iko wazi kwa mwanafunzi yeyote.

Mkutano uliopita ulikuwa mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba mgonjwa asiye na tumaini la kupona, akiomba mwenyewe, daktari aruhusiwe kumsaidia kufa. Tuliweka wasemaji watatu upande wa kuunga mkono na watatu upande wa kupinga, kila mmoja akapewa dakika saba, na mwisho watu wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Ukumbi ulijaa, makofi yalirindima, na aliyechungulia dirishani angedhani tumefaulu. Usiku ule, nilipoketi kuandika muhtasari, ndipo nilipogundua kwamba sina la kuandika. Msemaji wa kwanza alizitaja kanuni nne (haki ya mgonjwa kujiamulia, kutenda mema, kutodhuru, na haki kwa wote) kama mtoto anayeghani siku za juma. Mpinzani wake akazichukua zilezile nne akazigeuza juu chini. Na hakuna hata mmoja aliyesema mgonjwa huyo ni nani, anaumwa nini, ameelezwa nini kuhusu ugonjwa wake, wala maumivu yake yanatulizwa kwa njia gani.

Lipo na jambo lililonikaa moyoni zaidi. Mdahalo ukiwa katikati, mwanafunzi mmoja wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alifunga daftari lake, akalitia mkobani polepole kama mtu asiyetaka zipu isikike, akatoka. Nilimkuta siku mbili baadaye. Akaniambia kwamba mama yake alifariki miezi michache iliyopita, baada ya familia kukubali aondolewe mashine ya kupumulia, na kwamba msemaji wetu mmoja, katika kutafuta makofi, alikuwa ametamka kuwa kumwondolea mtu mashine na kumuua ni kitu kimoja. Hakuonekana kukasirika. Aliniuliza tu, "Kwani mlikuwa mnamzungumzia nani?" Nikakosa jibu.

Basi nauliza: kasoro ni ya mdahalo wenyewe, au ni sisi tulioandaa vibaya? Nasikia vyama vingine hutumia visa vya wagonjwa badala ya hoja. Kama ndivyo, visa hivyo vitoke wapi? Na je, kuna haja ya kupiga kura?

Mwenyekiti Mstaafu alijibu:

Katibu, umefanya vema kulisema jambo hili bila kulipaka rangi. Niliongoza chama kama chenu kwa miaka miwili, na mwaka wa kwanza wote niliupoteza kwa kosa hilohilo. Mdahalo si mjadala, ingawa maneno hayo mawili tunayabadilishana ovyo. Katika mdahalo mtu huingia akijua atakachosema na hutoka akiwa amekisema. Anayebadili mawazo katikati huhesabiwa kuwa ameshindwa, na katika maadili ya tiba yule anayebadili mawazo baada ya kusikia jambo jipya ndiye hasa tunayemtaka.

Nikueleze kikao kimoja kilichonibadilisha mimi mwenyewe. Tulichukua kisa cha Karen Ann Quinlan, ambacho kila kitu chake kiko katika kumbukumbu za mahakama. Mwaka 1975, huko New Jersey nchini Marekani, binti huyo wa miaka 21 alipoteza fahamu na pumzi ikakatika kwa muda. Akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, na miezi ikapita bila fahamu kurudi. Wazazi wake waliomba mashine iondolewe, madaktari wakakataa, shauri likafika Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Niliandika haya yote kwenye ukurasa mmoja, nikaukatisha ukurasa siku moja kabla ya hukumu. Kila mtu alipewa kipande cha karatasi na kuambiwa aandike mambo mawili bila jina: kwanza, mahakama iamue nini, pili, mashine ikiondolewa, nini kitafuata.

Katika karatasi thelathini na kitu, karibu zote jibu la pili lilikuwa neno moja, "atakufa." Hapo ndipo tulipogawa ukurasa wa pili. Mwaka 1976 mahakama iliamua kwamba baba yake, akiwa mlezi wake wa kisheria, angeweza kukubali kwa niaba yake. Mashine ikaondolewa hatua kwa hatua. Na Karen akaendelea kupumua mwenyewe, akilishwa kwa mrija, mpaka mwaka 1985. Wazazi hawakuwahi kuomba mrija wa chakula uondolewe. Sijawahi kusikia ukumbi ukinyamaza namna ile. Kisha mwanafunzi mmoja wa famasia, ambaye hakuwa amewahi kufungua kinywa tangu ajiunge, akauliza kwa nini wazazi walitenganisha pumzi na chakula. Swali hilo lilitosha saa nzima. Lile suala la kama kuondoa tiba na kuua ni kitu kimoja, ambalo msemaji wenu alilimaliza kwa sentensi moja, sisi tulilizunguka jioni yote bila kulimaliza, na watu waliondoka wakiendelea kubishana ngazini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kisa kimoja, kikatishwe pale uamuzi unapotakiwa, na mwisho wake ufichwe. Makundi yawe ya watu sita au saba, maana wakifika kumi watatu huanza kuwasemea wengine. Mwalikeni mtu anayejua upande wa kitabibu aeleze kwa dakika kumi tu, hasa kazi ya mashine au dawa inayozungumzwa, kisha aketi na kundi kama mwanachama mwingine. Wageni wataalamu ni watu wema, lakini ukimkabidhi mmoja wao kipaza sauti bila kikomo, atakurudishia kikiwa kimepoa na muda umekwisha.

Zamu ya Usiku alijibu:

Mimi ni muuguzi, na nimekaa katika kamati ya maadili ya hospitali kwa miaka kadhaa. Nakubaliana na Mwenyekiti kuhusu visa, ila nataka kuonya juu ya pale visa vinapotoka, kwa sababu hapo wanafunzi huteleza wakiwa na nia njema kabisa.

Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha wanafunzi ambapo kijana mmoja alisimulia jambo aliloliona wodini wiki ile. Hakutaja jina wala namba ya kitanda, na aliamini amelinda siri. Lakini alitaja kazi ya mgonjwa, idadi ya watoto wake, namna ajali ilivyotokea na siku aliyolazwa. Kabla hajamaliza, msichana wa safu ya tatu alikuwa ameinamisha kichwa na kukishika kwa mikono miwili. Mgonjwa alikuwa shangazi yake, na jambo lililosimuliwa pale, kuhusu majibu ya kipimo fulani, familia ilikuwa haijaambiwa. Kuficha jina peke yake hakumfichi mtu. Anayetambulika kwa kazi, umri na tarehe ametambulika.

Tumieni kwanza visa vilivyo wazi kwa umma, kama hicho cha Quinlan. Mkitaka kisa cha kutunga, kiundeni kutokana na mambo mengi mliyojifunza, si kutokana na mgonjwa mmoja mliyemwona. Badilisheni umri, jinsia, ugonjwa na mahali, lakini msiguse kile ambacho uamuzi unakitegemea. Ikiwa kisa kinasimama juu ya ukweli kwamba mgonjwa ana miaka kumi na sita na hataki wazazi wajue, mkimfanya wa miaka thelathini hamna kisa tena.

Kuhusu yule dada aliyetoka: mada itangazwe siku kadhaa kabla, kwa maneno yanayoeleweka, ili mtu achague mwenyewe kuja au kutokuja. Mwanzoni mwa kikao kiongozi aseme wazi kwamba kutoka nje kunaruhusiwa na hakuulizwi sababu, na mtu mmoja wa chama awe na kazi ya kubaki nyuma baada ya kikao kwa ajili ya yeyote mwenye uzito moyoni. Nimeona vyama vinavyojali mabango na picha kuliko hili.

Na mniruhusu niseme moja lililo nje kidogo ya swali. Wanafunzi hupenda mada za kifo na za vinasaba, kwa sababu ni kubwa na zinavuta watu. Maswali ninayokutana nayo saa nane za usiku ni madogo kuliko hayo, na ni magumu vilevile. Mgonjwa anauliza, "Nesi, nina nini?" ilhali mchana familia ilimsihi daktari asimwambie. Kaka wa mgonjwa anapiga simu kutaka majibu ya vipimo, na sauti yake inatetemeka kweli. Tena lipo moja linalowahusu ninyi moja kwa moja: mwanafunzi anaambiwa na mkubwa wake ajifunze kumpima kwa ndani, sehemu za siri, mwanamke aliyelazwa usingizi kwa upasuaji, naye mwanamke hakuulizwa. Jambo hili limetokea katika nchi nyingi kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ya Marekani iliziagiza hospitali zipate idhini ya maandishi ya mgonjwa kabla ya mafunzo ya namna hiyo. Hapo huwezi kujificha nyuma ya kanuni nne. Unaulizwa wewe, ukiwa umeshavaa glavu, na anayekuamuru ndiye atakayesahihisha mtihani wako. Kikao kimoja juu ya hilo kingewafaa kuliko vitano juu ya watoto waliobadilishwa vinasaba.

Benchi la Nyuma alijibu:

Nasomea sheria, na kwa heshima zote kwa walionitangulia, nina pingamizi. Kisa kimoja kinaweza kufunika mengi kama mdahalo unavyofunika, tena kwa namna ya hila zaidi, kwa sababu kila mtu hutoka akihisi amefikiri.

Chama chetu kilifanya zoezi maarufu la mashine za kusafisha damu. Tulikuwa saba mezani, tukapewa wagonjwa kumi wenye figo zilizoshindwa na mashine za kuwatosha watatu, tukaambiwa tuchague. Baada ya nusu saa nilitazama karatasi ya jirani yangu: alikuwa amechora jedwali, safu moja "watoto," nyingine "kazi," nyingine "tabia," na chini yake alama za mtu mmojammoja. Mfungwa alipata mbili. Mjane mwenye watoto wanne alipata tisa. Niliporudi kwenye karatasi yangu niliona nami nimefanya vilevile, ila mwandiko wangu ulikuwa mbaya zaidi.

Zoezi hilo lina asili ya kweli, nasi hatukuambiwa. Mwaka 1960, huko Seattle nchini Marekani, daktari Belding Scribner alitumia mrija wa Teflon unaobaki kwenye mkono wa mgonjwa, hivyo mtu aliweza kuunganishwa na mashine tena na tena badala ya mishipa yake kuharibiwa kila mara. Ghafla ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa ugonjwa ambao mtu anaweza kuishi nao, lakini kituo kilichofunguliwa mwaka 1962 kilikuwa na nafasi chache mno. Madaktari waliwaondoa kwanza watoto na wenye umri wa zaidi ya miaka 45. Waliobaki walipelekwa mbele ya kamati ya watu saba ambao majina yao hayakutajwa hadharani, wakiwemo mchungaji, mwanasheria, mfanyakazi wa benki na mama wa nyumbani. Walitazama ndoa, idadi ya wategemezi, kipato, elimu, na hata mchango wa mtu katika jamii. Habari hizo zilipochapishwa gazetini mwaka huohuo, watu walishtuka kuona wanaofaa kuishi wanafanana sana na wanaowachagua.

Ila kamati hiyo haikumalizwa na mtu aliyepata vigezo bora. Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharimia matibabu hayo kwa karibu kila mgonjwa wa figo aliyeyahitaji, na swali la nani aachwe likapoteza sehemu kubwa ya makali yake. Sisi saba pale mezani tuligombana juu ya mjane na mfungwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini mashine ni tatu. Kwa hiyo nasema: kila kisa kifuatwe na swali la pili, ni nani aliyefanya chaguo liwe hili na si jingine, na yeye yuko wapi katika kikao hiki?

Mfano unaolibeba swali hilo vizuri ni majaribio ya dawa ya AZT. Mwaka 1994 ilithibitika kwamba dawa hiyo, akipewa mama wakati wa ujauzito na wakati wa kujifungua, kisha mtoto akaendelea nayo kwa wiki sita, hupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa takriban theluthi mbili. Baada ya hapo, katika nchi kadhaa za Afrika, Asia na kwingineko, yalifanyika majaribio ya dozi fupi na nafuu, ambapo baadhi ya akina mama walipewa vidonge visivyo na dawa yoyote ili kulinganisha. Mwaka 1997 ugomvi ulilipuka katika majarida ya tiba. Wakosoaji walisema watoto wanaachwa waambukizwe ilhali kinga inajulikana. Watetezi walijibu kwamba kinga hiyo ndefu haikuwepo katika nchi hizo hata kabla ya utafiti, kwa hiyo swali lenye manufaa ni kama dozi fupi ni bora kuliko kutopata kitu. Mwaka uliofuata matokeo kutoka Thailand yalionyesha kwamba dozi fupi hupunguza maambukizi kwa kiasi cha nusu. Je, matokeo mazuri yanasafisha njia iliyotumika? Mimi husema hapana siku za kawaida, na husitasita siku nyingine. Mkikaa na kisa hiki, msimkabidhi mwanafunzi nafasi ya mtafiti peke yake. Awepo anayesimama mahali pa mama, asome fomu ya ridhaa kwa sauti, kisha aseme ameelewa nini kuhusu vidonge atakavyopewa.

Mwisho, nautetea mdahalo kidogo. Swali likiwa juu ya sheria na si juu ya mgonjwa, mdahalo hufaa. Kuuza figo, kwa mfano: Irani inaruhusu mtoaji alipwe chini ya usimamizi wa serikali, na nchi nyingi zinakataza kabisa. Hapo kuna pande mbili za kweli na kila upande una ushahidi wa kuleta. Kura nayo sina ugomvi nayo, mradi iwe ya siri, ipigwe kabla na baada, na kila mtu aandike chini yake ni jambo gani lingemfanya abadilike. Hayo maandishi ndiyo muhtasari wako, Katibu.

Mwenyekiti Mstaafu alijibu:

Benchi la Nyuma amenipata. Katika kikao chetu cha Quinlan hatukuuliza ni nani aliyelipia kitanda kwa miaka ile yote, wala kwa nini familia ilibidi iende mahakamani ili kupata jibu ambalo lingepaswa kutoka wodini. Hukumu yenyewe ilipendekeza kamati za maadili hospitalini, na kazi anayoifanya Zamu ya Usiku leo ina mzizi mmoja pale. Ila namsihi Katibu asiyaweke yote haya katika jioni moja. Dakika tisini hubeba kisa kimoja na swali moja la pili. Zaidi ya hapo watu huanza kutazama saa.

Katibu Mchanga alirudi:

Nawashukuru nyote. Kamati yetu imekaa jana, na tumeamua vikao viwili kwa muhula huu. Cha kwanza kitakuwa kile cha mwanafunzi aliyeamriwa kumpima mgonjwa aliye usingizini, kwa sababu wajumbe watatu kati ya saba walikiri kwamba wanajua wangefanya nini, na kwamba hawajivunii. Cha pili kitakuwa Quinlan, pamoja na swali la Benchi la Nyuma. Kura ya mikono tumeiondoa. Mdahalo wa figo tumeuweka kando mpaka tujifunze kusikilizana.

Rasimu ya ukurasa wa Quinlan nilimpelekea yule mwanafunzi wa uuguzi, nikamwambia hana wajibu wa kuisoma wala wa kuja. Aliirudisha siku ya pili ikiwa na alama moja tu ya kalamu. Mahali nilipoandika "siku mashine ilipozimwa" alikuwa amekata maneno mawili ya mwisho na kuandika juu yake "alipoondolewa mashine." Nilimuuliza kama tofauti ni kubwa kiasi hicho. Akasema kwamba mama yake alipumua mwenyewe kwa dakika arobaini, naye alikuwa amemshika mkono, na hakuna aliyekuwa amezimwa. Anasema atakuja kikao cha pili, ila tumwachie kiti chake kilekile karibu na mlango.